Jibu la mtaalamu: Queen Mary 2, meli isiyo na shafti, na kapasita iliyoizima

Swali: Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha saruji hapa Tanga. Nimeona video inayosema meli ya Queen Mary 2 haina shafti ndefu (mhimili unaozungusha propela) wala usukani, na kwamba ina injini za dizeli chini na nyingine kama za ndege juu kabisa. Kwa nini waliijenga hivyo? Na ni kweli kapasita moja iliizima meli nzima ikiwa baharini? Nauliza kwa sababu kiwandani tuna benki ya kapasita (kundi la makopo yanayohifadhi chaji ya umeme) na VFD nyingi (vifaa vya kudhibiti kasi ya mota), na mafundi wakubwa wanatuambia tusiwe na wasiwasi.

Jibu: Fundi, ni kweli kabisa, na wasiwasi wako una msingi. Nitakueleza kwanza meli yenyewe, maana ile kapasita ilikuwepo kwa sababu ya namna meli ilivyobuniwa. Kisha nitarudi kwenye benki yako.

Watu wengi huiweka Queen Mary 2 kapu moja na meli za kitalii zinazozunguka visiwa vya Karibi. Kazi zao ni tofauti. Meli ya kitalii ikisikia dhoruba mbele hubadili njia, huruka bandari moja, abiria wanapewa bandari nyingine na safari inaendelea. Queen Mary 2 ilijengwa kwa ajili ya ratiba: Southampton kwenda New York, zaidi ya maili 3,000 za baharini, kuvuka Atlantiki ya Kaskazini hata wakati mawimbi yamechafuka. Mbunifu wake, Mwingereza Stephen Payne, alishikilia jambo hilo tangu mchoro wa kwanza, na karibu kila kitu kinachoonekana cha ajabu kwenye meli hii kimetokana nalo.

Ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, katika kiwanda cha Chantiers de l'Atlantique. Chuma cha kwanza kilikatwa Januari 2002, mkuku (uti wa chini wa meli) ukalazwa Julai mwaka huo huo, ikaelea Machi 2003 na kukabidhiwa kwa kampuni ya Cunard Desemba 2003. Malkia Elizabeth II aliipa jina tarehe 8 Januari 2004, na siku nne baadaye ikaanza safari yake ya kwanza ya abiria. Ina urefu wa mita 345, upana wa mita 41 kwenye usawa wa maji, na huzama majini mita 10 na kidogo. Ilipoanza ilikuwa na ujazo wa takriban tani 148,500 na nafasi ya abiria 2,620. Leo kuna meli za kitalii zenye ujazo mkubwa kuliko huo kwa mbali, lakini ukizitazama chini ya maji utaona tofauti mara moja.

Chukua sanduku lenye urefu, upana na kina kile kile cha sehemu ya meli iliyomo majini. Umbo la Queen Mary 2 linajaza takriban asilimia 61 tu ya sanduku hilo. Meli ya kitalii ya kawaida hujaza zaidi ya asilimia 70, kwa sababu mwenye meli anataka vyumba vingi kadiri inavyowezekana ndani ya urefu aliolipia. Omo jembamba, yaani sehemu ya mbele ya meli, hukata wimbi badala ya kulipiga, na ndiyo maana meli hii inaweza kushika mwendo mahali ambapo nyingine lazima zipunguze. Gharama yake ni nafasi: sehemu kubwa ya mbele na ya nyuma haifai kuwekwa vyumba. Ongeza na chuma. Meli hii ilihitaji takriban asilimia 40 zaidi ya chuma kuliko meli ya kitalii ya kawaida, na bei kwa kila kitanda ilikaribia mara mbili ya meli za wakati ule, yaani karibu dola 300,000 za Marekani.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa ubaharia alitazame kwa makini, nalo ni mahali zilipo mashua za kuokolea watu. Kanuni za kimataifa za usalama zinataka mashua ziwe karibu na maji, kiasi cha mita 15, ili zishuke haraka. Payne aliomba msamaha wa kanuni hiyo na akapewa: mashua za Queen Mary 2 ziko takriban mita 25 juu ya maji. Hoja yake ilikuwa kwamba kwenye Atlantiki ya Kaskazini mashua iliyoning'inia chini inaweza kung'olewa au kupasuliwa na wimbi kabla hata hujaihitaji. Kwa sababu hiyo hiyo vibaraza vya sitaha za chini havikujengwa kwa kutokezwa nje. Ni matundu yaliyokatwa kwenye bamba la ubavu wa meli, na chuma kinamkinga abiria hadi kifuani.

Sasa injini. Chini kabisa kuna dizeli nne za Wärtsilä, kila moja silinda 16, megawati 16.8, zikizunguka mara 514 kwa dakika. Jumla yake ni megawati 67.2. Juu, chini ya dohani, kuna tabaini mbili za gesi aina ya LM2500+ za General Electric, kila moja megawati 25. Usichanganywe na jina: haziunguzi gesi ya mitungi wala gesi asilia, zinaunguza mafuta mepesi ya dizeli ya meli. Zinaitwa za gesi kwa kuwa kinachosukuma mapanga ya ndani ni gesi moto ya mwako. Video uliyoiona haikukosea, maana LM2500 ilitokana na injini ya ndege, CF6.

Kwa nini ziwekwe juu? Tabaini humeza hewa nyingi mno na kutoa moshi mwingi mno ukilinganisha na uzito wake. Ungeziweka chini pamoja na dizeli, ungelazimika kupitisha njia pana za hewa na moshi katikati ya sitaha zote za abiria, na kila sitaha ingepoteza vyumba. Zikikaa chini ya dohani, hewa iko hapo hapo. Na kwa kuwa ni nyepesi, uzito wao kule juu hauharibu uimara wa meli. Dizeli ni nzito, hivyo zinakaa chini na kusaidia meli isiyumbe.

Mpangilio huu unawezekana kwa sababu hakuna injini hata moja iliyounganishwa na propela. Zote sita ni jenereta. Zinaingiza umeme wa volti 11,000 kwenye swichibodi kuu mbili, na kutoka huko umeme unakwenda kwenye mota, jikoni, viyoyozi na taa. Wahandisi wanawasha idadi ya jenereta wanayohitaji kwa mwendo wa siku hiyo. Nguvu inayohitajika kusukuma meli hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kutoka noti 26 (maili za baharini kwa saa) hadi noti 29 ni ongezeko la asilimia 12 tu la mwendo, lakini nguvu inapanda karibu asilimia 39. Hapo ndipo tabaini huwashwa, na hapo ndipo bili ya mafuta inapouma, kwa sababu mafuta mepesi ni ghali kuliko mafuta mazito ya zile dizeli nne. Cunard waliongeza safari ya kuvuka bahari kutoka usiku sita hadi saba, na tabaini zikapata mapumziko marefu.

Mota za kusukuma ziko nje ya meli. Chini ya tezi, yaani nyuma ya meli, zinaning'inia podi nne aina ya Mermaid, kila moja ikiwa na mota ya megawati 21.5 ndani yake na propela mbele yake. Mbili zimefungwa imara na kazi yake ni kusukuma tu. Mbili nyingine zinageuka nyuzi 360 na ndizo zinazofanya kazi ya usukani. Ukiongeza visukumio vitatu vya omoni, kila kimoja megawati 3.2, nahodha anaweza kuisogeza meli kubwa kama hii ubavuubavu hadi gatini bila tagi (meli ndogo ya kuvuta), upepo ukiruhusu. Propela zake zina mapanga yanayofungwa kwa bolti, na mapanga manane ya akiba yamewekwa juu ya sitaha ya mbele. Abiria wengi hudhani ni sanamu za urembo.

Kwa wasomaji wetu walioko Dubai, mnaweza kulinganisha wenyewe. QE2 (Queen Elizabeth 2), iliyotangulia meli hii kwenye njia ile ile tangu 1969, sasa ni hoteli katika bandari ya Rashid. Ile ilianza na mvuke, ikabadilishwa kuwa ya dizeli na umeme mwaka 1986 na 1987, lakini mota zake zilibaki ndani na shafti ndefu zikatoka nje hadi kwenye propela mbili. Beringi inayobeba msukumo wa propela ilikuwa ndani ya meli, penye mwanga na nafasi ya fundi kusimama.

Hapo ndipo Queen Mary 2 ilipolipia gharama ya podi zake. Beringi ya msukumo ndiyo inayopokea nguvu yote ambayo propela inaisukumia meli. Kwenye meli ya shafti, kwa kawaida ni vipande vya chuma vinavyoelea juu ya utando wa mafuta. Chuma hakigusani na chuma, na beringi inaweza kudumu miaka mingi sana. Kwenye podi za kizazi kile zilitumika beringi za rola, kwa sababu nafasi ni finyu. Rola hubeba mzigo wote kwenye mstari mwembamba wa mguso. Shafti ikipinda kidogo, maji ya bahari yakipenya sili (kizuizi cha maji kwenye shafti) na kuchafua mafuta, au rola zikiteleza badala ya kuviringika wakati mzigo ni mdogo, uso wa chuma huanza kumenyuka vipande vidogo vidogo. Vipande hivyo huzunguka na mafuta na kuharibu kilichobaki. Na fundi haendi kubadilisha beringi hiyo kwa ngazi. Meli lazima iingie chelezo, yaani itolewe majini kwa matengenezo. Carnival, kampuni mama ya Cunard, ilidai kwamba podi hizo zilikuwa na kasoro ya ubunifu, ikamshtaki mtengenezaji, Rolls-Royce, na Januari 2011 mahakama ya Marekani ikaamua Carnival ilipwe takriban dola milioni 24. Podi za kizazi kilichofuata sokoni zilibuniwa fundi aweze kuzifikia beringi na sili akiwa ndani.

Podi pia iko pabaya inapogusana na kitu. Januari 2006, ikitoka Port Everglades huko Florida kuelekea Amerika ya Kusini, podi moja iligonga ukingo wa njia ya meli na kuharibika. Meli iliendelea kwa podi tatu na mwendo ukapungua, bandari kadhaa zikarukwa ili kuiwahi Rio de Janeiro, na abiria wakacharuka hadi wakarudishiwa nauli. Hapo faida ya umeme ilionekana: kukosa podi moja hakukuiacha meli baharini. Hasara yake ilionekana pia, kwa sababu matengenezo yalidai kuingia chelezo zaidi ya mara moja, na podi ilirudishwa mahali pake Hamburg Novemba 2006. Katika ziara hiyo hiyo waliweka vinyunyizio vya maji kwenye vibaraza, kufuatia moto wa meli ya Star Princess Machi 2006 ulioanzia kwenye kibaraza na kuenea haraka. Pia walirefusha mabawa ya daraja la nahodha kwa mita mbili kila upande, ili anayeegesha aone vizuri ubavu mzima.

Siwezi kupita historia ya meli hii bila kutaja tarehe 15 Novemba 2003. Ikiwa bado kiwandani, daraja la muda la kupandia melini liliporomoka likiwa na watu waliokuja kuitazama, wengi wao jamaa za wafanyakazi. Walikufa 16 na 32 wakajeruhiwa. Hakuna hitilafu ya injini katika maisha yote ya meli hii iliyogharimu roho kiasi hicho. Kilichoanguka kilikuwa kifaa cha muda, cha aina ambayo kila kiwanda hukifunga na kukifungua bila kukifikiria sana.

Tufike sasa kwenye kapasita.

Mota za megawati 21.5 haziwezi kuwashwa moja kwa moja kwenye swichibodi. Kila moja ina kigeuzi cha umeme kinachobadili masafa ili propela izunguke kwa kasi inayotakiwa; ni VFD kama zako, ila kubwa ajabu. Kama ujuavyo, kigeuzi hakivuti mkondo wa wimbi laini. Hukata wimbi vipande, na vipande hivyo vinarudi kwenye swichibodi kama hamoniki, yaani mikondo yenye masafa ambayo ni mara tano, mara saba, mara kumi na moja au zaidi ya masafa ya msingi, kutegemea aina ya kigeuzi. Zikiachwa, jenereta na transfoma hupata joto kupita kiasi, na vifaa vya elektroniki hupagawa. Dawa iliyowekwa ni vichujio vya hamoniki: koili na kapasita zilizopangwa ili masafa yale mabaya yapate njia rahisi na kuishia hapo. Queen Mary 2 ilikuwa na chujio la mbele na la nyuma, la nyuma likiwa katika chumba chake ndani ya chumba cha swichibodi kuu ya nyuma.

Saa 10:25 alfajiri ya tarehe 23 Septemba 2010, meli ikikaribia Barcelona, mlipuko ulitokea kwenye chumba hicho. Ndani ya sekunde chache mota zote nne zikasimama, na muda mfupi baadaye meli nzima ikawa giza. Jenereta ya dharura ilijiwasha yenyewe na kulisha vitu vya lazima. Wahandisi waliitenga swichibodi ya nyuma, wakawasha jenereta kuu, na saa 11:23 meli ikaendelea na safari, ikafunga gati Barcelona kwa kutumia mota mbili. Hakuna aliyeumia, na bahati nzuri hapakuwa na mwamba wala meli nyingine karibu. Karibu saa nzima bila nguvu ya kusukuma ndani ya mlango mwembamba wa bandari, upepo ukisukuma ubavu wenye urefu wa mita 345, ingekuwa habari nyingine kabisa.

Tume ya Uingereza ya kuchunguza ajali za baharini ilitoa ripoti yake mwaka 2011. Walihitimisha kwamba kapasita mojawapo ya chujio ilikuwa imechakaa ndani hadi ikapasuka, na kwamba cheche kubwa ya umeme ilifuata.

Wewe unajua kapasita ya nguvu ilivyo: ndani ya kopo kuna seli nyingi za filamu na karatasi ya alumini, zimepangwa kwa mfululizo na sambamba, na kwenye zile za volti kubwa zimelowekwa mafuta ya kuhami. Seli moja ikitoboka, zile zilizobaki kwenye mfululizo wake zinabeba volti ya ziada. Zinachoka haraka zaidi, ya pili inatoboka, kisha ya tatu. Kila kutoboka kunazalisha gesi kidogo na kopo linaanza kuvimba. Kopo lililofungwa kabisa likishindwa kuhimili shinikizo hupasuka, mvuke wa mafuta hutoka nje na kukutana na cheche. Uchakavu wa namna hii huchukua muda, na ishara zake zinapimika. Kwa hiyo swali la wachunguzi lilikuwa: kwa nini hakuna aliyeziona?

Jibu lao ndilo ninalotaka ulibebe hadi kwa mafundi wako wakubwa. Chujio lilikuwa na mfumo wa kugundua mkondo usio sawa, na huo ndio ulikuwa ulinzi pekee dhidi ya kapasita inayochakaa. Ulikuwa haufanyi kazi. Ushahidi ulionyesha kwamba haukuwa umefanya kazi kwa miaka kadhaa. Na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mfumo wa aina hii ukiwa mzima na kapasita zikiwa nzima unasoma karibu na sifuri, na ukiwa umekufa unasoma sifuri. Mtu anayepita na daftari kila zamu anaandika sifuri, anaridhika, anaondoka.

Hata benki mpya kabisa haisomi sifuri kamili. Kapasita mbili hazitoki kiwandani zikilingana hadi tone la mwisho, na volti za fezi tatu hazilingani kabisa. Lazima kuwe na mkondo mdogo wa tofauti. Sifuri safi isiyotikisika, wiki baada ya wiki, ni dalili ya waya uliokatika, CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) iliyoungua au rilei (kifaa kinachosoma kipimo hicho na kutoa alamu) iliyokufa. Baada ya ajali hii jumuiya ya mashirika ya ukaguzi wa meli, IACS, ilitoa mwaka 2016 kanuni inayohusu meli zenye vichujio vya hamoniki: kiwango cha hamoniki kipimwe wakati wote meli inapofanya kazi, na kuharibika kwa chujio kutoe alamu.

Baada ya mlipuko huo historia ya meli ni tulivu zaidi. Mwaka 2011 bandari yake ya usajili ilihamishwa kutoka Southampton hadi Hamilton, Bermuda. Mwaka 2016 ilikaa Hamburg siku 25 kwa ukarabati uliogharimu zaidi ya dola milioni 132: vyumba vipya 30 vyenye vibaraza, vyumba 15 vya abiria mmoja mmoja, vifaa vya kusafisha moshi, na vibanda vya mbwa na paka vilivyoongezwa kutoka 12 hadi 22. Kitu kimoja ambacho kitakuvutia kama fundi ni maji. Ina mitambo mitatu ya kuondoa chumvi, kila mmoja lita 630,000 kwa siku, inayotumia joto linalotoka kwenye injini. Meli ikikaa muda mrefu kwa mwendo mdogo, maji ya kupoozea injini hayapati joto la kutosha, inabidi kuwasha boila kwa mafuta, na hapo wakati mwingine ni nafuu kununua maji bandarini.

Turudi Tanga. Benki yako si ya volti 11,000, nadhani ni ya volti 400 kwa ajili ya kurekebisha pawafakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi na umeme wote unaovutwa), lakini inachakaa kwa njia ile ile, na ukiwa na VFD nyingi inachakaa haraka.

Kwanza uliza kama kapasita zenu zina riakta (koili ya kuzuia hamoniki) mbele yake. Kapasita tupu kwenye laini yenye VFD zinaweza kuingia katika mwangwi na transfoma yenu, yaani mkondo wa masafa fulani ukakuzwa kati yao, na zikiangukia karibu na hertz 250 au 350, ambako VFD za kawaida hutupa hamoniki zake kubwa, mkondo ndani ya kapasita unaweza kuzidi kabisa ule ulioandikwa. Riakta ya asilimia 7 hushusha mwangwi huo hadi hertz 189, chini ya hamoniki zote hizo. Ila riakta hiyo hupandisha volti kwenye kapasita yenyewe, kutoka 400 hadi karibu 430. Kapasita iliyoandikwa volti 400 haifai hapo. Tafuta ya 440 au zaidi. Kosa hili ni la kawaida sana wakati wa kubadilisha kopo lililoharibika: fundi ananunua lile linalopatikana dukani.

Pili, pima mkondo wa kila fezi kwa klampu mita inayosoma thamani halisi, ile iliyoandikwa True RMS. Klampu ya bei rahisi itakudanganya penye hamoniki. Kapasita ya kVAr 50 (kVAr ni kipimo cha ukubwa wa kapasita) kwenye volti 400 inatakiwa kuvuta ampea 72 kila fezi. Ukikuta fezi moja iko chini sana ya nyingine, kuna fyuzi iliyokatika au seli zimekufa. Ukikuta zote ziko juu, hasa kupita ampea 94, ambayo ni mara 1.3 ya kiwango na ndiyo mwisho unaoruhusiwa kwa kazi ya kudumu, tatizo ni hamoniki. Kuongeza kapasita kutalizidisha. Andika namba hizi kila mwezi. Namba ya leo peke yake haisemi mengi. Ikishuka mwezi hadi mwezi ndipo unajua.

Tatu, angalau mara moja kwa mwaka pima ujazo wa kapasita yenyewe. Zima, funga kufuli, subiri. Vipingamizi vya kumwaga chaji vinatakiwa kushusha volti hadi 75 ndani ya dakika tatu, lakini usiviamini, vinakatika kimya kimya. Pima volti, kisha unganisha vituo vyote pamoja na ardhi kabla hujagusa chochote. Kwa kopo lile la kVAr 50, volti 400, hertz 50, lililoungwa delta (kwa umbo la pembetatu), ukipima kati ya vituo viwili huku cha tatu kikiwa wazi, unatarajia karibu mikrofaradi 497. Ikishuka zaidi ya asilimia 10, toa kopo. Kopo lililovimba kifuniko halihitaji kipimo: toa leo.

Mwisho ni alamu zenyewe. Usiridhike na kitufe cha kujaribu kilicho kwenye uso wa rilei, maana kinapima rilei tu. Benki ikiwa imezimwa, pitisha mkondo mdogo unaoujua ndani ya tundu la CT, uone rilei ikisoma namba ile ile, uone alamu ikilia kwenye chumba cha udhibiti, na uone breka ikifunguka kweli. Njia yote, kutoka CT hadi breka. Na usifungue kamwe waya za upande wa pili wa CT wakati mkondo unapita kwenye basbaa (pao za chuma zinazobeba umeme mkuu), kwa sababu volti inayozuka hapo inaweza kukuua au kuiunguza CT yenyewe. Ukimaliza, bandika tarehe ya jaribio kwenye mlango wa paneli, pamoja na namba ya mkondo wa tofauti uliyoikuta benki ikiwa nzima, ili anayekuja zamu ya usiku akikuta sifuri ajue anatakiwa kukupigia simu.